Hesabu Mpaka Kumi

Kwa Jumapili ya tatu mfululizo, waumini wakiimba ndani ya kanisa la mtaa wa Buluk, fundi Lodu alikuwa amelala chali chini ya gari la Mama Lilly. Mtu angemwona angedhani anaiba. Kumbe alikuwa akirudisha.

Kosa lenyewe lilianza Ijumaa moja, saa tano asubuhi. Mama Lilly, mjane anayebeba wanafunzi kumi na wanne kila siku kwa basi lake dogo la Kijapani, aliingia gereji ya Lodu pale mtaa wa Hai Cinema huku amekunja uso.

"Ya fundi, hii taa ya spana nawaka tangu jana. Nasema nini?"

"Inasema kilomita zimefika, Mama. Oili imechoka, inataka kumwagwa."

"Basi fanya. Saa sita watoto iko nangojea mimi."

Alilipa palepale, akavuta kiti cha plastiki mpaka karibu na mlango wa dereva, akaagiza chai. Lodu akakimbia mtaa wa Hai Jalaba kwa Hanad, Msomali anayeuza spea.

"Filta ya hiyo gari imeisha, fundi, na oili yake pia," Hanad alisema. "Lori la mzigo bado liko Nimule, mpakani. Labda kesho."

Lodu alirudi mikono mitupu. Akisema ukweli, Mama Lilly angevuka barabara kwa fundi wa pili, ambaye siku zote alikuwa akimmezea mate mteja huyo. Hapo ndipo shetani alipompata. Aliingia kwenye usukani, akahakikisha gari limezimwa, akabonyeza kitufe cha kilomita, akakishikilia na kufungua swichi. Sifuri zikajipanga kwenye dashibodi na taa ikazimika. Taa ile haionji oili. Inahesabu kilomita tu, na ukiifuta inaanza upya bila kukuuliza swali.

Pale kitini, midomo ya Mama Lilly ilikuwa ikichezacheza kama ya mtu anayesali.

"Tayari, Mama."

"Tayari? Khalas?"

"Khalas."

Aliichungulia dashibodi, akapiga makofi. "Wale wengine walikuwa nakalisha mimi siku mzima! Wewe, Mungu alikupa mkono."

Lodu alijiambia kesho yake atampigia simu, aje amalizie kazi kimyakimya. Kesho ikafika na simu hakupiga. Angeanzia wapi? Kila asubuhi basi lilipita mbele ya gereji na watoto wakatoa mikono madirishani, "Fundi! Fundi!", naye akapunga mkono huku akiiona injini ikigoma katikati ya daraja, watoto wote kumi na wanne wamo ndani. Aliona aibu, ile ya kweli.

Dawa ya deni ni kulipa. Mama Lilly ni mwanakwaya, na Jumapili hukaa kanisani saa tatu nzima. Mlango wa dereva wa basi lake haujawahi kufungika, na Lodu alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Jumapili ya kwanza alimwaga oili iliyokuwa nyeusi tii, akatia mpya na filta mpya, vyote kutoka mfukoni mwake. Alidhani moyo utatulia. Haukutulia, basi Jumapili ya pili akabadilisha plagi na filta ya hewa, ingawa hakuna aliyemwomba.

Jumatano iliyofuata Mama Lilly mwenyewe alimletea bakuli la bamia na kisra, ule mkate mwembamba wa mtama.

"Kula, fundi. Gari imekuwa mpya! Hata mafuta haikuli tena kama zamani. Hii kazi yako, mimi nitaisema mbele ya watu."

"Usiseme, Mama. Ni kazi ndogo."

"Ndogo!" Mama Lilly alicheka. "Ndiyo maana nitaisema."

Lodu alilisogeza bakuli kando. Akaamua kumalizia na oili ya gia, kisha iwe basi, ukurasa ufungwe.

Ndiyo hiyo iliyomlaza chini ya gari Jumapili hii ya tatu. Alikaza boliti ya mwisho, akafuta mikono, akavuta pumzi. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu alijisikia mwepesi. Alijiona amesamehewa, ingawa hakuwa ameomba msamaha.

Mara milango ya kanisa ikafunguka kabla ya wakati. Lodu akatulia palepale. Viatu vikaja, vya wanawake, vya wanaume, vingi, vikajaa uani, na juu ya vyote ikasikika sauti ya Mama Lilly, ileile ya kwaya.

"Kama nilivyosema ndani kwenye matangazo, haina siri. Mimi nilikaa karibu, niliona na macho yangu. Kila mtu aingie kwa gari yake. Zima. Bonyeza kitufe ya kilomita, shikilia, fungua swichi. Halafu hesabu mpaka kumi. Service ya gari imekwisha."

Milango ya magari ikaanza kufunguliwa huku na kule. Riang, dereva wa basi lililokuwa likingoja kupeleka kwaya nzima Nimule, alipaza sauti kutoka dirishani.

"Mama, na oili?"

"Oili ya nini? Mwezi huu mimi sijaweka hata tone, na hii gari yangu si munaiona? Uliza fundi Lodu!"

Watu wakacheka. Kisha kutoka kwenye magari yote uani wakaanza kuhesabu kwa sauti moja. Lodu alipofungua mdomo, walikuwa wameshafika saba.