Barua Tatu za Bwana Dakika

Bwana Dakika aliulizia wodi ya saratani ya damu kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia choo ugenini.

Ni msimamizi wa kiwanda cha mashati. Jina hilo alibandikwa na washonaji, maana kila kosa huliandika na saa yake. Mama mmoja mshona kola alipata kwake barua tatu za onyo, kisha akafukuzwa kwa ulevi. Ya kwanza: saa mbili na dakika kumi, anaburuta mguu wa kushoto. Wiki tatu baadaye, saa nne kasorobo, kaangusha mkasi, mkono wa kulia. Ya mwisho, wiki nne baada ya hapo, kajikojolea kitini.

"Sinywi, bosi," mama yule alimwambia. Yeye akacheka mbele ya watu.

Juzi ndipo aliposikia kwamba si pombe. Ni saratani ya damu, ya aina adimu, na imeingia mpaka kwenye uti wa mgongo na mishipa ya fahamu. Tangu hapo anajionea haya hata akiwa peke yake.

Mama alikuwa amelala ubavu, magoti yamekunjwa, plasta mgongoni. Binti yake alimtazama mgeni toka juu mpaka chini.

"Shikamoo," alisema, basi.

"Marahaba, mwanangu. Mama, nimekukosea. Sina uso. Nipe zile barua nizichane kwa mkono wangu."

"Anazo daktari," binti alijibu.

Papo hapo daktari aliingia na faili. Barua zilikuwa juu kabisa, kila tarehe imepigiwa mstari mwekundu.

"Nani kaandika hizi?"

Angeweza kukana. "Mimi," alisema, macho sakafuni.

Daktari akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Tulishaandika kiharusi, tumrudishe nyumbani. Lakini kiharusi hakiji kidogo kidogo kwa wiki saba. Tarehe zako ndizo zilizotufanya tupime maji ya uti wa mgongo. Dawa tumeanza leo, na huenda akatembea."

Bwana Dakika hakujua auweke wapi uso wake.

Mama aligeuza shingo polepole.

"Ahsante, bosi," alisema. "Kwangu nyumbani wananipenda wote. Hakuna aliyeona kitu."