Fundi Mkuu Kwenye Foleni ya Alhamisi

"Kaza vizuri, nisije nikasingiziwa kwamba nilichungulia," alisema Fundi Mkuu Enno Behrends, na mkewe Antje akamfunga macho kwa kitambaa cha kufutia vyombo.

Banda la Detlef lilikuwa limejaa majirani, kila mmoja na chupa ya bia mkononi. Ilibidi waharakishe. Saa saba mchana mtaa mzima huingia kwenye mapumziko ya kutopiga kelele, na hakuna mtu mwenye akili zake ambaye angethubutu kuwasha msumeno baada ya hapo.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa miaka. Detlef, dereva wa basi aliyestaafu, alinunua mashine zake zote za useremala kwenye duka la vyakula, lile la bei poa, ambako kila Alhamisi hushushwa mashine na makorokoro mengine kati ya jibini na soksi. Enno, seremala mtoto wa seremala, alikuwa na mashine za bei ya kutisha, na hakumpa jirani yake nafasi ya kupumua.

"Nini hicho kinachonguruma leo, jirani?" alikuwa akiuliza kutoka ng'ambo ya ua. "Mashine au friji?"

Na masikio alikuwa nayo, mzee yule. Juzi tu, akinywa chai barazani kwake, alimpigia Detlef kelele kwamba beringi ya mashine yake ya msasa inakata roho. Detlef akabisha. Kufikia jioni beringi ikakata roho kweli, na Detlef akachukia mara mbili.

Karakana ya Enno yenyewe ilikuwa kimya tangu majira ya baridi. Alikuwa akiranda kwa mkono, eti anapumzisha masikio. Siku hizi alikuja hata kuomba vipeperushi vya matangazo vya Detlef awashie jiko, maana sanduku lake la barua lilikuwa na kibandiko cha kukataa matangazo, kama ilivyompasa fundi wa hadhi yake.

Dau walilipanga wiki hiyo. Enno alijigamba kwamba hata afungwe macho angeutambua msumeno wa bei poa. Akishinda, Detlef atupe mashine zake zote na asiguse mbao tena mpaka anunue za maana. Hilo lilimnyima Detlef usingizi. Wajukuu alishawaahidi vitanda, na pensheni ya dereva hainunui mashine za akina Enno. Isitoshe, Alhamisi iliyokuwa inakuja duka lingeleta mashine kubwa ya kuranda mbao, moja tu kama ilivyo kawaida yao, na Detlef alishamsimulia kila mtu habari zake hadi wakamkimbia.

"Na ukishindwa wewe?" aliuliza.

"Mimi?" Enno alicheka. "Nikishindwa nitapanga foleni hapo dukani kwako Alhamisi, nimevaa suti ya chama."

Suti ya chama! Ile nyeusi ya maseremala, yenye suruali pana chini, kizibao cha vifungo vinavyong'aa na kofia ya ukingo mpana. Enno aliivaa kwenye mazishi ya wakubwa tu.

Sasa misumeno miwili ilikuwa mezani, na ubao wa mwaloni umebanwa. Detlef aliwasha wake kwanza. Akakata. Kisha akachukua wa Enno, akakata.

Enno aliinamisha kichwa, akakuna kidevu.

"Wa kwanza ndio wangu," alisema. "Hamsikii upole ule? Wa pili umetoka duka la jibini."

Banda likalipuka kwa vicheko. Detlef alirukaruka, akambusu mkewe Heike, akawabusu majirani wawili, akaubusu na msumeno. Antje alimfungua mumewe macho, kisha akajifunika uso kwa kile kitambaa, mabega yakimtikisika. Maskini, analia kwa aibu, Detlef aliwaza, na kwa kitambo kidogo akamhurumia.

"Umri, jamani," alisema Enno kinyonge. "Masikio yamechoka. Haya, nitasimama kule mwisho wa foleni, nyuma kabisa..."

"Mwisho?" Detlef alidakia. "Mbele, Fundi Mkuu! Mbele kabisa, mlangoni, kila mtu akuone!"

"Detlef, jirani yangu. Nionee huruma."

"Mbele! Mbele!" banda zima likaitikia.

Alhamisi asubuhi manyunyu yalikuwa yakianguka. Enno alisimama mbele ya mlango wa duka akiwa amevaa suti nyeusi, ameshika kigari cha ununuzi kwa mikono miwili. Nyuma yake foleni ilizunguka hadi maegeshoni, watu wakicheka mpaka mbavu zikawauma. Detlef hakuona haja ya kupanga foleni; wale wote walikuja kucheka, si kununua mashine ya kuranda. Alikuwa akimpiga picha za simu huku na huku, mkate wa soseji mdomoni.

"Inua kofia, Fundi Mkuu! Tabasamu!"

Enno akainua kofia. Milango ikafunguka.

"Hii imetoka nzuri," alisema Heike akichungulia simu ya mumewe. "Lakini mbona anakimbia?"

Detlef alimkuta kwenye kaunta ya malipo. Juu ya kigari kulikuwa na boksi kubwa kuliko kreti mbili za bia, na Antje alishafungua pochi.

"Hiyo... hiyo mashine ya kuranda ni yangu!" Detlef alikuwa akihema. "Wanaleta moja tu!"

"Najua. Si ulinieleza mwenyewe?"

"Lakini wewe, Fundi Mkuu! Mashine ya duka la jibini!"

Enno aliinama mpaka ukingo wa kofia ukagusa paji la uso la jirani yake.

"Ule msumeno wako una mlio mwembamba kuliko wangu," alinong'ona. "Niliutambua kabla haujagusa mbao."