Chumba cha Mwaitu

Fundi Josphat alipima ukuta mara mbili, akaandika namba kwenye kiganja, kisha akamtazama Mutheu kama mtu anayengoja mzaha uishe.

"Kitanda cha mtu mzima, kitanda cha mtoto, mashine ya kufua na meza ya kupiga pasi. Vyote hapa ndani?"

"Na kabati," Mutheu akasema. "Liwe juu, ndio beseni zipate kukaa chini."

Chumba chenyewe kilikuwa futi saba kwa tisa, nyuma ya jikoni, katika nyumba waliyopanga Katoloni, mjini Machakos. Tangu wahamie kilikuwa cha maboksi na baiskeli ya mazoezi, ambayo mumewe Ndunda aliipanda siku tatu akapumzika mwaka mzima. Sasa chumba kilikuwa kimepanda cheo. Kingekuwa cha mtoto, cha kufulia, na cha mama mkwe.

Mtoto, Wendy, alikuwa na miezi mitatu, na likizo ya Mutheu ilikuwa inaisha. Wasichana wa kazi wawili walikuwa wameondoka ndani ya mwezi mmoja, wa pili bila hata kuaga. Ndipo Ndunda alipogundua kwa ghafla kwamba anampenda sana mama yake.

Mama huyo, Kalekye, alikuwa mjane wa miaka hamsini na tisa, mkulima kule Masii. Kwa miaka sita Ndunda alikuwa amemkaribisha mjini mara moja tu, siku ya mahafali yake, kwa sababu picha bila mama zingeleta maswali. Sasa alimpigia simu kila jioni.

"Mwaitu, mama yangu, huko unateseka bure," alimwambia, spika ikiwa wazi ili Mutheu asikie. "Njoo hapa kwetu. Ulitulea, sasa ni zamu yetu."

"Chumba kiko?"

"Kiko, cha peke yake!" Ndunda akajibu, akiitazama mashine ya kufua ikishushwa.

"Kitanda kiko chini ama ni kile cha kupanda?"

"Kiko chini kabisa."

"Na choo?"

"Hatua nne tu."

"Mlango je? Ni mpana?"

Ndunda akafunika simu kwa mkono. "Amezeeka," akanong'ona. Mutheu akatikisa kichwa kwa huruma, huku akikadiria kama mikono ya mkwewe bado ingeweza kumbeba mtoto kutwa nzima.

"Mlango tutaupanua," Ndunda akasema. Kisha, kwa kuwa hata yeye aliona aibu kutouliza, akaongeza, "Na Susu?"

Susu alikuwa nyanya yake, mama ya marehemu baba yake, aliyeishi na Kalekye.

"Hilo nimeshapanga. Usiwe na wasiwasi."

Ndunda hakuwa na wasiwasi. Wala hakuuliza limepangwa vipi.

Josphat alipanua mlango, akafunga kabati, akasogeza kitanda hadi kikagusa mashine. Huo ulikuwa ubunifu wa Mutheu, na aliuonea fahari.

"Akilala hivi, mkono mmoja unafika kwa mtoto. Mwingine unafika kwa mashine."

"Na yeye mwenyewe akitaka kugeuka?" fundi akauliza.

Mutheu akamwambia atundike pazia. Lilikuwa pazia zuri, la maua ya zambarau. Alilipiga picha pamoja na mto mpya, mashine ikiachwa nje ya picha, akaituma kwenye grupu la ukoo na maneno haya: *Mama anastahili mazuri.* Mashangazi wakajaza mioyo. Shangazi Wavinya aliandika kwamba analia.

Jumamosi saa nne asubuhi gari dogo jeupe likasimama langoni. Kalekye akashuka akiwa na gauni la manjano na nywele zilizosukwa upya. Dereva alikuwa mzee mmoja nadhifu mwenye kofia. Kwenye kiti cha nyuma alikaa Susu, mkoba mapajani.

"Umemleta Susu atutembelee!" Ndunda akashangilia, akamsalimia kupitia dirishani.

Kalekye alielekea moja kwa moja chumbani. Akabonyeza godoro, akafungua dirisha, akasimama mlangoni na kunyoosha mikono kuupima upana. Mutheu alimfuata na mtoto, akieleza kila kitu: maziwa yanakaa wapi, nguo nyeupe hazichanganywi na zipi, mtoto akilia anabembelezwaje. Kalekye alisikiliza hadi mwisho, wala hakumkatiza.

"Mmefanya vizuri sana," akasema. "Ile picha nimeonyesha kanisa lote. Pasta aliwaombea."

Akamchukua Wendy, akambusu mashavu yote mawili, akamrudisha mikononi mwa Mutheu. Kisha akaita nje.

Dereva akaingia akisukuma kiti cha magurudumu, Susu akiwa amekaa juu yake. Kilipita mlangoni bila kugusa upande wowote. Akambeba Susu taratibu kutoka kwenye kiti, akamlaza kitandani, akamvua viatu.

"Ndunda, huyu anaitwa Kuria, ana duka la mbao kule Kangundo," Kalekye akasema. "Tulioana juzi. Mama ya baba yako nimemtunza miaka kumi na moja, na kila siku nilikuwa nikijiuliza nikitoka nitamwachia nani. Halafu ukaanza kupiga simu."

Simu ya Ndunda ikalia, akaitoa mfukoni: grupu la ukoo, Shangazi Wavinya akiomba picha ya Susu akiwa chumbani kwake.

Susu alikuwa akikitazama kitanda cha mtoto, kisha mashine, kisha meza ya kupiga pasi.

"Hivi vitu vya watu," akauliza, "vinatolewa saa ngapi?"