Vumbi la Kiwanda cha Soksi

Walimkamata pale pale getini, hata salamu hawakumpa. Shemeji mkubwa, dereva wa lori mwenye mikono kama magogo, alimkaba shingo kwa nyuma. Shemeji mdogo, fundi rangi, akamrarua shati hadi vifungo vikaruka kwenye matope. Mama mkwe alifunga geti kwa komeo, akajifunga kitambaa puani, akasogeza ndoo.

"Suruali pia," alisema.

Ng'ambo ya njia, mshona nguo alisimamisha cherehani yake. Alikuwa akiingoja siku hii, kama nusu ya mtaa ilivyokuwa ikiingoja, maana habari za mwanamume yule nani asiyezijua. Alifanya kazi kiwandani, chumba cha kuchanganya unga wa fedha, ule unaotiwa kwenye soksi ili miguu isinuke. Unga wenyewe ni mwembamba kupita vumbi lolote, punje zake hata darubini ya shule haizioni. Kiwanda kilikuwa na bafu, na amri ya kuoga kabla ya kutoka. Lakini foleni ya bafu ilikuwa ndefu na basi la wafanyakazi halimngoji mtu, kwa hiyo wanaume walizoea kupulizana vumbi kwa mpira wa mashine ya upepo. Mmoja anageuka, mwenzake anampuliza mgongo, wanataniana, wanapanda basi. Walijiona wasafi kabisa.

Binti yake wa kwanza alikuwa akimsubiri mlangoni kila jioni. Alimrukia shingoni na kuuficha uso kifuani mwake, na hapo kifuani ndipo alipokuwa akilala mpaka chakula kiive. Alianza kukohoa kabla hajaanza shule. Daktari alisema mapafu ya mtoto yamejaa kitu kile kile kinachotiwa kwenye soksi. Walimzika, na mkewe, aliyekuwa mjamzito, akarudi kwao. Mtoto wa pili alizaliwa ndani ya nyumba hii, na baba yake hakuwahi kumgusa.

"Leo wamempata," mshona nguo alijisemea, na kusema kweli hakumwonea huruma.

Walimfunga mikono kwa kamba kwenye bomba la maji. Maji ya kwanza yalikuwa ya moto, si ya kuua, lakini ya kumfanya mtu mzima apige ukelele. Kisha ukaja mkasi. Shemeji mkubwa alikata nywele bila kujali ngozi iko wapi, damu ikachuruzika hadi kwenye nyusi. Kisha ikaja brashi, ile ngumu ya kusugulia sakafu, na sabuni ya unga.

"Kazi umeacha?" mama mkwe alimuuliza.

"Nimeacha. Leo asubuhi."

"Haya, sugueni."

Mdogo akasugua. Alianza na mgongo, akashuka kwenye mbavu, akapanda kwapani, na ngozi ikageuka nyekundu, kisha ikaanza kuchubuka. Mwanamume alijipinda. Alipiga ndoo teke, akamng'ata shemeji mdogo mkono, na shemeji mkubwa akamzaba kofi lililosikika hadi kule kwenye cherehani.

"Inatosha," alilia. "Jamani, inatosha, niacheni."

"Haitoshi," mkubwa alisema.

Mkewe alikuwa amesimama dirishani, mtoto mchanga kifuani, ndani ya shuka jeupe. Macho yake yalikuwa mekundu. Mshona nguo alidhani sasa atawasihi kaka zake wamwachie.

"Kaka," mkewe alisema, "masikio. Msiyasahau masikio."

Hapo mshona nguo moyo ukamgeuka. Aliyemuua mtoto wake bila kujua ni mtu wa kuliliwa, si wa kuchunwa, na aliona aibu kwamba alikaa akitazama kama mtu aliyelipa kiingilio. Akavuka njia, akagonga geti kwa viganja.

"Mtamuua huyo. Kama ana kosa mpelekeni polisi, msimchune kama mbuzi."

"Mwenzangu, rudi kwenye cherehani yako," mama mkwe alimjibu. "Haya ni ya nyumbani."

Mama huyo alizisukuma nguo kwa fimbo hadi ndani ya mfuko wa nailoni, akaufunga fundo. Maji yenye povu na damu yalishuka mferejini, na kutoka mferejini yakaenda kule yaendako maji yote. Hakuna aliyeyajali.

Fundi rangi ndiye aliyeshindwa kwanza. Aliitazama brashi, akaona vipande vya ngozi vimenasa humo, akaitupa chini.

"Mimi siwezi tena," alisema, akaketi kwenye ndoo iliyopinduka na kulia bila kuficha uso.

Kaka yake alisimama akihema. Kisha naye akafungua kamba, na hakuweza kumtazama mtu yeyote machoni. Mshona nguo alipenyeza mkono katikati ya vyuma, akavuta komeo, akalisukuma geti mpaka ukutani.

"Kimbia, mwanangu," alisema. "Kimbia sasa hivi."

Mwanamume alisimama, mwilini hana kitu ila chupi, macho yamevimba kwa sabuni. Alilitazama geti. Kisha akainama, akaiokota ile brashi, na mashemeji wote wawili wakarudi nyuma.

Akaiweka mkononi mwa yule mdogo, akapiga magoti chini ya bomba.

"Niliwaambia nikilia msinisikilize," alisema, akinyoosha vidole. "Bado kucha, halafu mnipe mwanangu."