Tanuri la Mwalimu Wakio

Wakio alikuwa anakanda unga alfajiri, mikono imezama hadi viwiko, mwenye bekari ya karibu na stesheni alipoingia uani kwake bila hodi.

Mchana Wakio alifundisha shule ya msingi hapo Voi. Kabla ya kengele aliziokea hoteli mikate, na mwaka huo wa sabini na nne hoteli zilikuwa zimeanza kuisahau mikate ya bekari.

“Mwalimu,” mgeni alisema, akilikagua tanuri la udongo, “mshahara wako unakatwa kodi. Na hii mikate je? Niuzie tanuri kwa bei yangu, ama niende Mombasa nikawaambie watu wa kodi.”

Hofu ya maneno kama hayo ndiyo iliyomnyima Wakio usingizi miezi mingi. Leo aliendelea kukanda, donge likilainika viganjani kama shavu la mtoto.

“Watu wa kodi nimeshawaona,” alisema. “Shule zilipofungwa nilipanda treni, nikawaeleza yote kwa mdomo wangu. Wamenipigia hesabu, nitalipa kidogo kidogo.”

Yule bwana aliondoa macho kwenye tanuri.

“Wakaniuliza kama Voi kuna mwingine anayeoka. Nikasema yupo, ila mambo yake atayasema mwenyewe.”

Mgeni alianza kurudi kinyumenyume, kofia mkononi. Wakio alijifuta unga, akatoa mkate wa moto tanurini, akamkabidhi kwa mikono miwili.

“Chukua, mzee. Safari ya Mombasa ni ndefu.”