Mzigo wa Kwanza

Sheria ya bandari inataka taya mpya za kreni zibebe kwanza kitu kutoka nyumbani kwa mhandisi aliyezibuni. Taya za kwanza za Raya zilisaga kabati la vyombo la mama yake. Safari hii alizipa meno butu, akapunguza nguvu ya kubana, kisha akamuuliza mama watoe nini.

Mama akafuatana naye bandarini, akajifunga kanga kiunoni, akaketi katikati ya taya. "Haya nyanyua, mwanangu."

Zikafumba taratibu, zikapaa naye, zikamrudisha chini anacheka. Vigelegele vikapigwa.

Waliporudi nyumbani, Raya akaanza kuchora taya kubwa zaidi.

"Na hizo zitabeba nini?" mama aliuliza, bado anatabasamu, huku akimvuta mapajani mjukuu wake, mtoto wa Raya, na kumkumbatia kwa nguvu.