Jiwe la Nusu Kilo

"Shemeji, hiyo ni bastola au pampu ya baiskeli?" akauliza msimamizi wa mashindano, mdogo wa mume wa Walburga, na klabu nzima ya shabaha ikaangua kicheko midomo imejaa soseji.

"Wewe pima, acha maneno," Walburga akamjibu.

Kwa kweli, pale kijijini kwao Bavaria hapakuwa na bastola ya upepo ya bei rahisi kama hiyo. Lakini wiki nzima alikuwa ameifungua juu ya meza ya jikoni. Alibadilisha mpira uliovujisha upepo, akaisugua triga kwa dawa ya meno mpaka ikawa laini kama siagi.

Laini mno, pengine. Sheria ilitaka triga ibebe jiwe la nusu kilo bila kufyatuka, na majaribio yalikuwa matatu tu.

Ta! Jaribio la kwanza, ikafyatuka. Ta! La pili.

"Pole, shemeji. Mwakani uje na manati."

Walburga akachomoa kibanio cha nywele, akakaza skrubu ya triga robo mzunguko.

Msimamizi akaning'iniza jiwe kwenye triga, akaiinua bastola polepole. Jiwe likaacha meza. Likayumba hewani kama pera tawini, na hakuna aliyetafuna.

"Imepita," akanong'ona.

"Haya, tupime na ile yako ya bei mbaya. Tangu uwe msimamizi, nani ameipima?"

Msimamizi akalifunika kasha la bastola yake kwa kofia.